Bi Adina na jengo refu la Alamo

Haya, wa nyuma mnanisikia? Sawa. Leo sisimulii vita ya Alamo, ile misheni ya zamani ya Kikatoliki iliyogeuzwa ngome, ambako Watexas waliuawa na jeshi la Mexico, hiyo mshaisikia mpaka mmechoka, mi nataka tumuongelee mama mmoja wa San Antonio, Texas, Adina De Zavala, mwalimu wa shule tu, ila babu yake Lorenzo, Mmexico wa Yucatán, ndo alikuwa makamu wa rais wa kwanza wa ile Jamhuri ya Texas, enzi Texas ni nchi yake yenyewe.

Sasa ukifika pale Alamo kila mtu anapiga selfi na kanisa, si ndio? Ile nundu ya juu kama ya ngamia iliwekwa na jeshi la Marekani mwaka 1850 hivi, na vita ni 1836, yaani watu wanapiga picha na kitu ambacho waliokufa pale hawakukiona kabisa! Adina yeye alikuwa anasema jamani, watu walichinjana pembeni, kwenye lile jengo refu walilokuwa wanakaa mapadri. Shida ni kwamba enzi zake lilishakuwa duka la jumla, limezungushiwa mbao, ndani vyakula na pombe, nani angekuelewa?

Tajiri mmoja, Clara Driscoll, akatoa hela, bei dola 75,000, na 1905 jimbo likalichukua likawapa kina mama wa Daughters of the Republic of Texas walitunze, chama cha wajukuu wa waasisi wa Texas, na Adina na Clara wote wamo humo. Ungedhani yameisha. Wapi! Clara na wenzake wanataka libomolewe eti linaziba kanisa, Adina anasema thubutu. Februari 1908 kajifungia humo siku 3, ana miaka 46, sherifu yuko nje, magazeti ya nchi nzima yanaandika, na hakutoka mpaka jengo likabidhiwe kwa mtu wa gavana, sio kwa wale wenzake.

Alishinda? Nusu nusu. 1913 orofa ya juu wakaiangusha, kuta za chini zikabaki na leo ni makumbusho. Yeye hakununa akakaa nyumbani, kuanzia 1915 akaligandia jengo lingine la hapo mjini, Spanish Governor's Palace, la enzi za utawala wa Wahispania, kelele miaka 13 mpaka manispaa ikalinunua 1928, miaka 13 jamani, wengine hapa tunaandika barua moja tu tusipojibiwa tunasusa.

Alifariki Machi 1, 1955, ana miaka 93, na jeneza likapitishwa mbele ya Alamo likiwa na bendera ya Texas juu yake.

Haya, yule kaka wa dirishani alikuwa na swali.