Siri Yako Inatakiwa Idumu Miaka Mingapi?

Ndugu zangu wa mifumo na mitandao, kyubiti, kipande cha msingi cha kompyuta ya kwanta, mnakijua, na algoriti ya Shor ya mwaka 1994, njia ya hesabu ambayo kompyuta kubwa ya kwanta itavunja nayo funguo za siri za leo, mmeshaisikia, kwa hiyo sitarudi huko. Nina jambo moja tu. Nimelisema sana na leo nalirudia, kwa sababu kila ninapokwenda naulizwa, "Hiyo kompyuta ya kwanta itakuja lini?"

Acheni kuuliza hilo. Ulizeni siri mnazozitunza zinatakiwa zidumu miaka mingapi.

Chukueni faili la mtoto aliyezaliwa mwaka huu na virusi vya UKIMWI, linalotumwa kwa intaneti kutoka hospitali ya wilaya. Siri hiyo ni yake mpaka uzeeni. Tuseme miaka 60. Kubadilisha mifumo ya taasisi nzima, pamoja na bajeti na zabuni zake, tuseme miaka 7. Jumla 67. Mwanahisabati Michele Mosca wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, ndiye aliyetufundisha kupiga hesabu hii: umri wa siri, jumlisha muda wa kuhama, kisha linganisha na miaka iliyobaki kabla mashine ya kwanta ya kuvunja funguo haijafika. Jumla ikizidi, umeshachelewa. Haya, niambieni mashine itafika baada ya miaka 10, au 20, au hata 40. Sitabishana nanyi. 67 inazizidi zote.

Inazizidi kwa sababu mwizi halazimiki kufungua kitu leo. Anarekodi na kuweka stoo. Data zetu nyingi hutoka kwa nyaya za chini ya bahari, pale Mombasa na Dar es Salaam, kisha zinapita kwenye rauta za nchi ambazo hatuna mamlaka nazo. Kilichorekodiwa hakirudi, na hakuna sasisho la programu litakalokifuta.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma. Bado kuna seva zinazokubali TLS 1.2, toleo la zamani la kanuni zinazolinda mawasiliano ya wavuti, kwa ubadilishanaji wa funguo wa RSA, njia ya usimbaji ambayo Shor anaivunja. Kivinjari kinatunga siri ya mazungumzo, kinaifunga kwa ufunguo wa umma ulio kwenye cheti cha seva, kinaituma. Ufunguo huo wa umma yeyote anaweza kuupakua. Atakayeweza kuutumia kupata ufunguo wa siri atafungua kila mazungumzo yaliyorekodiwa tangu ufunguo ulipowekwa. Na wasimamizi wengi, cheti kinapoisha, huomba kipya kwa ufunguo ule ule wa zamani! Cheti kipya, tarehe mpya, ufunguo wa miaka mitano iliyopita. Mnamrahisishia kazi: hesabu moja inampa miaka mitano. TLS 1.3 iliuondoa mtindo huu mwaka 2018. Ukiwa na ECDHE, njia ya kukubaliana ufunguo wa muda, kila muunganisho una ufunguo wake, na kila ufunguo unadai hesabu yake. Bado algoriti ya Shor inaufungua, lakini mwizi itabidi achague afungue upi. Kwa hiyo zimeni RSA hiyo wiki hii, na tengenezeni ufunguo mpya kila mnapoomba cheti. Hilo halihitaji zabuni wala mtaalamu kutoka nje.

Najua mtu ataniambia, "Sisi tunatumia AES-256," yaani usimbaji wa data yenyewe kwa ufunguo wa biti 256. Vizuri. Algoriti ya Grover, nyingine ya kwanta, inaipunguzia nguvu hadi kama biti 128, na bado inatosha. Lakini ufunguo wa AES umesafirishwa kwa RSA au kwa mikunjo ya duaradufu, hisabati iliyo ndani ya ECDHE, na zote mbili Shor anazivunja. Sanduku la chuma, na ufunguo wake umetumwa ndani ya kapu la makuti.

Mwingine atasema chipu ya Willow ya Google, Desemba 2024, ilikuwa na kyubiti 105 tu. Kweli, na kutoka 105 hadi laki kadhaa ni mbali sana: chipu hukaa ndani ya friji yenye baridi ya sehemu za mia za digrii juu ya sifuri halisi, na makosa ya kila kyubiti lazima yasahihishwe bila kukoma. Lakini tazameni upande wa pili. Mwaka 2019 watafiti Gidney na Ekerå walikadiria kwamba kuvunja RSA ya biti 2048 kunahitaji kyubiti milioni 20 na saa 8. Mei 2025 Gidney huyo huyo akashuka chini ya milioni moja, kwa muda usiofika wiki. Hapo hakuna aliyejenga mashine kubwa zaidi. Ni hesabu tu zilizoboreshwa.

Dawa ipo. NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilitoa Agosti 2024 kiwango cha ML-KEM, njia ya kubadilishana funguo iliyoundwa kuhimili kwanta. OpenSSH 10.0, programu ya kuingia kwenye seva kwa mbali, inaitumia bila kuambiwa, na OpenSSL 3.5, programu ya usimbaji, inayo. Itumieni pamoja na X25519, njia ya leo ya mikunjo ya duaradufu, si peke yake: SIKE, njia nyingine mpya iliyokuwa imefika mbali kwenye mchujo wa NIST, ilivunjwa mwaka 2022 kwa kiini kimoja cha kompyuta ya kawaida, kwa muda wa kama saa moja. Zikiwa mbili, mwizi lazima avunje zote.

Na hapa ndipo watu hukwama. X25519 hutuma baiti 32. Ikiungana na ML-KEM-768 zinakuwa 1216. Salamu ya kwanza inayotumwa kwa seva haitoshi tena ndani ya pakiti moja, na vifaa vya zamani vya ulinzi vinavyotegemea pakiti moja huitupa ya pili. Pimeni kutoka nje ya ofisi: openssl s_client -connect, jina la seva na :443, kisha -groups X25519MLKEM768. Mkikataliwa papo hapo, seva haiijui algoriti. Ikining'inia kimya, shukuni kifaa cha katikati, mkisasishe. Msizime algoriti mpya mkaenda nyumbani.

Naonyeshwa saa. Saini za kidijitali, zinazothibitisha nani ametuma kitu, sikuzigusa. Kwa jumla zinaweza kusubiri kidogo, maana saini haighushiwi kwa kurudi nyuma, na saini ya ML-DSA-65, ile ya kuhimili kwanta, ina baiti 3309 badala ya 64 za saini za leo za mikunjo ya duaradufu. Ila mita na vifaa vitakavyokaa ukutani miaka 15: kwenye zabuni andikeni kwamba ufunguo wa kuhakiki masasisho uweze kubadilishwa baada ya kifaa kufungwa.