Wewe ni daktari au si daktari? Kazi yangu ya PA kwa watoto huku Marekani

Habari zenu jamani. Wakubwa wangu shikamooni, wenzangu mambo vipi. Leo mnaniona niko ndani ya gari, nimeegesha nyuma ya kliniki, bado nina sare, na hili doa begani si chai. Ni dawa ya homa ya mtoto wa miezi tisa aliyeamua kwamba leo hataki.

Narekodi hapahapa kwa sababu nikifika nyumbani sirekodi tena, nalala. Na kuna ujumbe umekaa kwenye simu yangu wiki mbili, wa kaka mmoja ambaye ni tabibu, yaani clinical officer, anayetibu watu bila kuwa daktari kamili. Anasema: "Dada, nina miaka sita natibu watoto kwenye kituo cha afya. Nikija huko na cheti changu nitaanza kazi moja kwa moja kama wewe?"

Kaka, jibu ni hapana. Nalitoa mapema usije ukakaa dakika kumi na tano ukilisubiri. Lakini usizime, maana hapana hiyo ina maelezo yake, na kuna kitu nataka ukifanye kabla mwezi huu haujaisha.

Kwanza nimalizane na mama yangu. Kila nikipiga simu ni lilelile: "Mwanangu, kwani wewe ni daktari au si daktari?" Mama, si daktari. Mimi ni PA, yaani physician assistant. Kwa Kiswahili ungesema msaidizi wa daktari, na jina hilo ndilo limeniletea taabu, kwa sababu mtu akisikia msaidizi anaona mtu wa kubeba mafaili. Hata wenyewe huku liliwachosha. Mwaka 2021 chama chao cha kitaifa, AAPA, kilipiga kura neno "msaidizi" litoke, waitwe washirika wa daktari. Kwenye sheria za majimbo mengi jina la zamani bado lipo, na kwenye beji yangu lipo.

Kazi yenyewe ni hii: namsikiliza mgonjwa, nampima, naagiza vipimo, nasema ugonjwa ni nini, naandika dawa. PA anaandika dawa katika majimbo yote 50. Nafanya kazi na daktari wa watoto, na namna ya kushirikiana inapangwa na sheria ya jimbo, ila siku nyingi watoto ninaowatibu yeye hawaoni kabisa. Mtoto akinitatiza, nagonga mlango wake.

Kwa hiyo mama, ukiulizwa kanisani, sema ni kama tabibu wa kwetu. Na hapa nijivune kwa niaba ya matabibu: nyinyi mlikuwa mnatibu watu miaka mingi kabla Wamarekani hawajaliwaza jambo hili. Wao walianza 1965, Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina. Daktari Eugene Stead alichukua wanaume wanne waliokuwa wahudumu wa tiba katika jeshi la wanamaji. Madaktari walikuwa hawatoshi, na hawa walikuwa na ujuzi ambao hospitali za raia hazikuwa na cheo cha kuwapa. Watatu wakahitimu Oktoba 1967. Upande wa watoto wa kumshukuru ni Henry Silver wa Colorado. Mwaka uleule wa 1965, yeye na muuguzi Loretta Ford walianza kuwafundisha wauguzi kuhudumia watoto wenyewe, na miaka michache baadaye Silver akaanzisha mafunzo mengine ya wahudumu wa afya ya mtoto, ambayo yakaja kuingia katika ukoo huu wa PA.

Historia imetosha. Twende chumba namba tatu.

Nimebadilisha mambo mawili matatu ili mtu asijulikane. Sheria ya siri za mgonjwa huku, wanaiita HIPAA, haina mchezo, ndiyo maana hamjawahi kuniona nikirekodi mle ndani. Mtoto wa miaka miwili, ana homa siku ya pili, usiku analia akivuta sikio. Sikio la mtoto huwezi kulichungulia kwa ubabe. Namwambia mama ampakate, ubavu wa mtoto uegemee kifua chake, mkono mmoja uzuie mikono, mwingine ushike kichwa. Mimi navuta sikio chini kidogo na nyuma. Mtu mzima unalivuta juu, mtoto mdogo chini. Hapo nina kama sekunde tatu. Naona nta kwanza. Halafu ngoma ya sikio, ambayo ikiwa nzima ni ya kijivu na inang'aa. Ya huyu ilikuwa nyekundu na imevimba kuja nje kama puto. Wekundu peke yake usikudanganye, hata kulia kunalifanya sikio jekundu. Kule kuvimba ndiko kunakwambia nyuma yake kuna usaha.

Sasa, mama yule hakujua Kiingereza. Aliyekuwa anatafsiri ni kaka wa yule mtoto mgonjwa, kijana wa miaka kumi, amesimama wima kama shahidi mahakamani. Kliniki inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa itoe mkalimani bila malipo, na mtoto hatakiwi kutumiwa isipokuwa kwa dharura. Nilikuwa nimeshainua simu kumtafuta mkalimani, nikasikia mama anamnong'oneza kijana kwa Kiswahili. Nikaruka: "Shikamoo mama!" Akaniangalia tu. Kumbe ni Mkongomani, shikamoo kwao si salamu. Nikasema, "Jambo mama." Jamani, yule mama alicheka mpaka akashika mdomo.

Na ndipo likatoka ambalo kijana hakulitafsiri. Jana yake walikuwa wamempa mgonjwa mabaki ya dawa ya kijana mwenyewe, antibayotiki ya miezi mingi nyuma. Kijana aliambiwa asiseme, akatii. Mngemlaumu? Miaka kumi, umesimama katikati ya mama yako na mtu mwenye beji.

Dawa ya watoto inaniogopesha mpaka leo, niwaambie ukweli. Kila kitu ni kwa kilo. Nilipokuwa mwanafunzi kwenye mazoezi ya vitendo nilimpima mtoto wa mwaka mmoja, mizani ikasoma 22. Nikapiga hesabu, miligramu 90 kwa kila kilo kwa siku, nikapata 1,980, nikaandika vizuri kwa mwandiko wa kupendeza. Daktari aliyekuwa ananisimamia akaangalia karatasi kabla ya kutia sahihi. "Huyu wa mwaka mmoja ana kilo 22? Kwao wanamlisha nini?" Mizani ilikuwa inasoma paundi! Paundi 22 ni kilo 10. Dozi yake ilikuwa 900 kwa siku, mimi nilitaka kumpa zaidi ya mara mbili. Hakunigombeza. Alinipeleka kwenye mizani, akanionyesha kitufe kinachobadilisha paundi kuwa kilo, akanisimamisha hapo nikibonyeza huku na huku kama mtoto anayejifunza kuwasha taa. Tangu siku hiyo kabla sijapiga hesabu yoyote namtazama mtoto kwanza, halafu namba. Kama havifanani, narudi kwenye mizani.

Na ukishapata dozi sahihi, bado kuna kijiko. Vijiko vya jikoni vinatofautiana sana, na mzazi akiambiwa "kijiko kimoja" anachukua alichonacho. Mimi natoa bomba lisilo na sindano, nachora mstari kwa kalamu kwenye kipimo chake, nampa mama maji kwenye kikombe, namwambia: nivutie, nione. Akivuta sawa, anaondoka nalo. Ni dakika moja tu, na sijawahi kuijutia.

Hiyo ni tiba. Upande wa pili wa kazi yangu ni afya ya jamii, na huo ndio niliojia hapa, maana wenzangu wengi wanakimbilia upasuaji na vyumba vya dharura ambako hela ni nene zaidi.

Huku mtoto mzima naye anapelekwa kliniki kama kwetu: siku ya tatu mpaka ya tano baada ya kuzaliwa, kisha mwezi, miezi miwili, minne, sita, tisa, mwaka, na kuendelea hivyo. Kwenye mahudhurio ya mwaka mmoja, watoto wa Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, wote wanatakiwa kupimwa madini ya risasi kwenye damu, na tena wakifika miaka miwili. Mtanishangaa, risasi kwenye damu ya mtoto inatoka wapi? Kwenye rangi ya nyumba. Rangi yenye risasi ilipigwa marufuku majumbani mwaka 1978, lakini nyumba za kabla ya hapo bado zimesimama, na wanaopanga humo ni wale wasio na hela ya kupanga pengine. Ukifungua na kufunga dirisha la zamani, mbao zinasuguana, vumbi linashuka kizingitini, mtoto anashika, anaweka mkono mdomoni.

Nilikuwa na mgonjwa mmoja, binti wa mwaka mmoja, mchangamfu, ananivuta stetoskopu. Tone la damu ya kidole likaonyesha juu. Kidole kinaweza kuwa na vumbi lenyewe, kwa hiyo tukachukua damu ya mshipa. Ikarudi 11, yaani mikrogramu 11 kwa kila desilita ya damu. Kuanzia 3.5 huku tunaanza kufuatilia. Dawa ya kuitoa risasi ipo, ila huanza kufikiriwa ikifika 45. Sasa kwenye 11 unamwandikia nini? Hakuna cha kuandika. Dawa iko kwenye dirisha.

Siku hiyo nilikaa kwenye simu na idara ya afya, nimewekewa muziki wa kusubiri mpaka nikaukariri, ili mkaguzi aende kwenye ile nyumba. Nikaandika barua kwa mwenye nyumba. Nikakaa na mama nikamwonyesha namna ya kupangusa vizingiti kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia, maana ufagio unarusha vumbi, na tukazungumza vyakula vya chuma na kalsiamu. Mwenye nyumba alichukua muda wake, nisiwadanganye. Tulipompima tena baada ya miezi kadhaa, 6. Bado ni juu ya 3.5. Tunaendelea.

Na kila mahudhurio nauliza swali ambalo mwanzoni lilinitia aibu: katika miezi 12 iliyopita, mmewahi kuwa na wasiwasi kwamba chakula kitaisha kabla hamjapata hela ya kununua kingine? Nilidhani watu watanuna. Hawanuni. Wanatazama chini, halafu wanasema. Hapo nawapeleka kwa mhudumu wetu wa jamii, awaandikishe WIC, mpango wa serikali wa chakula kwa wajawazito, wanaonyonyesha na watoto chini ya miaka mitano.

Hela sasa, maana najua wengine mmekaa kwa hilo tu. Takwimu za wizara ya kazi za mwaka 2023 ziliweka mshahara wa PA wa katikati kwenye dola 130,020 kwa mwaka. Wa watoto na kliniki za jamii mara nyingi tuko chini ya hapo. Na PA wengi wanatoka chuoni na deni linalopita dola 100,000. Upo mpango wa serikali, National Health Service Corps, unaokulipia sehemu ya deni ukifanya kazi kwenye maeneo yenye uhaba wa huduma, ila lazima uwe raia. Kadi ya ukaazi haitoshi. Hilo mimi nililigundua nikiwa nimeshajaza fomu nusu.

Haya kaka yangu tabibu, tulia nikujibu. Ili upate leseni lazima ufaulu mtihani wa kitaifa, PANCE, maswali 300, saa tano. Na ili uruhusiwe kukaa kwenye mtihani lazima uwe umehitimu chuo cha PA kilichoidhinishwa hukuhuku. Si wewe tu, hata daktari kamili kutoka nje hakai kwenye mtihani huo bila kupita chuo hicho. Mafunzo ni kama miezi 27, ngazi ya uzamili, kwa hiyo unahitaji shahada ya kwanza, na stashahada haikufikishi. Ukija kwa visa ya mwanafunzi, mikopo ya serikali kuu huipati. Baada ya hapo, masaa 100 ya kujiendeleza kila miaka miwili, na mtihani tena kila miaka 10.

Sasa ile miaka yako sita haijaenda bure. Vyuo vingi vinataka mwombaji awe na masaa ya kuhudumia wagonjwa kwa mikono yake, mengine maelfu, na baadhi vinakubali ya nje ya nchi. Ila wanataka ushahidi, si masimulizi. Ninachotaka ufanye mwezi huu ni hiki: nenda kwa mganga mfawidhi wako, akuandikie barua yenye mhuri, tarehe uliyoanza, masaa kwa wiki, na kazi ulizofanya moja moja. Usiridhike na "ni mfanyakazi hodari". Aandike: alipima watoto, alichoma chanjo, alishona vidonda. Mimi nilichelewa. Nilipoihitaji barua yangu, bosi alikuwa amestaafu na aliyempokea hanijui, nikazungushwa miezi minne kwa karatasi ya nusu ukurasa.

Kwa hiyo mfuate Jumatatu asubuhi, kabla hajahamishwa.