Kumfundisha kijana kugeuza gari: mahali kwanza, usukani baadaye

REHEMA: Karibuni wasikilizaji. Leo tunazungumza na wazazi na walezi ambao kijana wao ametimiza miaka 18, amepata leseni ya mwanafunzi, na sasa anatakiwa kujua kugeuza gari barabarani ili arudi alikotoka. Kaka Yohana, mafunzo yaanzie wapi?

YOHANA: Yaanzie kwenye kuchagua mahali, dada Rehema. Wazazi wengi huanza na usukani, kata kulia, rudi nyuma, kata kushoto, ilhali kijana hajaulizwa kama hapo aliposimama panafaa kugeuzia. Katika barabara kuu ya kutoka Dodoma kuelekea Singida, ambako hupita malori yanayokwenda Rwanda na Burundi, hapafai kabisa. Aendelee mbele hadi kwenye kipilefti, au aingie mtaani azunguke.

REHEMA: Kuna vijana wanaoona kwamba kuzunguka ni dalili ya kutojua kuendesha.

YOHANA: Hao wafanyiwe hesabu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa kwenye maeneo ya makazi, hukata karibu mita 14 kila sekunde. Mwanafunzi akitumia sekunde 20 kugeuza, gari hilo litakuwa limekwenda mita 280. Kwa hiyo haitoshi barabara kuwa tupu wakati huu. Ni lazima aone umbali huo wote, mbele na nyuma, na kama kuna kona au kilima kinachomzuia kuona, aondoke hapo.

REHEMA: Tuseme yuko ndani ya mitaa ya Nzuguni, Dodoma, pametulia, lakini njia ni nyembamba.

YOHANA: Kama kuna kichochoro upande wa kushoto, akipite kidogo, asimame, kisha aingie kwa rivasi, ili atoke akitanguliza pua. Wengi hufanya kinyume: huingia kwa pua na kutoka kwa rivasi, wakirudi barabarani kinyumenyume bila kuona bodaboda inayokuja. Hilo nisingependa kijana alizoee hata siku moja.

REHEMA: Na pasipo na kichochoro?

YOHANA: Hapo atageuza kwa hatua tatu. Akiwa ukingoni kushoto, aangalie vioo, ageuze shingo pande zote, awashe indiketa ya kulia, kisha atambae huku akikata usukani wote kulia. Gari likishakuwa mkingamo, kijana aliyekaa kulia anaona vizuri upande alikotokea, lakini upande wa pili anazibwa na mzazi wake. Mzazi aegemee kiti kabisa, kichwa nyuma, ili kijana aone kupitia dirisha la kushoto. Kisha arudi nyuma polepole akikata kushoto, akigeuka kutazama kupitia dirisha la nyuma kwa macho yake, asitegemee vioo vya pembeni peke yake, halafu asonge mbele akikata kulia hadi akae kwenye upande wake wa kushoto.

REHEMA: Mitaro ya maji ya mvua, je? Mingi haina mifuniko.

YOHANA: Bampa hufika juu ya mtaro kabla ya tairi, na boneti humficha dereva ardhi iliyo karibu. Ndiyo maana nasisitiza uwanja mtupu kwanza. Chukua jembe, chora mistari miwili kwenye udongo kwa upana wa mtaa wenu, na kila akisimama, avute hendibreki, azime gari, ashuke akaone pua imeishia wapi. Asipelekwe mtaani mpaka asimame kabla ya mstari bila kushuka kutazama.

REHEMA: Mtaani kuna watoto wanaocheza, na jioni mbuzi wanarudi nyumbani.

YOHANA: Mtoto mdogo aliye karibu kabisa nyuma ya gari anaweza asionekane kwenye kioo chochote. Kabla ya kuwasha gari, kijana alizunguke kwa miguu. Akimwona mtoto karibu, asubiri mpaka amwone tena mahali salama. Kutomwona tu kusimfanye aamini kwamba ameondoka.

REHEMA: Na akipigiwa honi akiwa katikati ya barabara?

YOHANA: Akanyage breki, aangalie tena pande zote, ndipo amalizie kwa mwendo uleule wa kutambaa. Mzazi naye asiongeze kelele zake juu ya honi. Akiwa na la kurekebisha, asubiri gari lisimame pembeni.