Uhakiki wa Anime ni Ushahidi

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wetu mlioketi mbele, shikamooni. Nanyi mliovuka na kivuko cha Kamanga asubuhi hii, na vijana wa Malimbe, Igoma na Kirumba, karibuni sana.

Leo tunajifunza kuandika tahakiki za anime, yaani katuni za Kijapani. Tuanze na amri. Kutoka 20:16 inasema, "Usimshuhudie jirani yako uongo." Wakatoliki na Walutheri huihesabu ya nane, wengine huihesabu ya tisa, lakini hakuna anayeiruka. Mhakiki ni shahidi. Ameketi mbele ya kazi ambayo msomaji wake hajaiona, kisha anatoka kueleza alichokiona. Aliyeichora kazi hiyo naye ni jirani, hata kama yuko Tokyo na hatasoma Kiswahili maisha yake yote. Ukisema anime fulani inamtukuza Shetani, na kumbe haimtukuzi, umemshuhudia mtu uongo, na nia yako ya kuwalinda watoto haiufuti uongo huo. Ukiisifu kwa sababu tu unaipenda, ukaficha sehemu ambayo mzazi alihitaji kuijua, uongo ni uleule.

Kwanza, jua umeshika nini. Wengi wetu hapa Mwanza mjini hurushiwa anime kwenye flashi au simu, na faili huja zimechanganyika. Fullmetal Alchemist zipo mbili. Ya mwaka 2003 ina sehemu 51. Brotherhood, ya 2009 hadi 2010, ina sehemu 64. Zote ni za studio ya Bones na zinaanza na ndugu walewale, Edward na Alphonse, waliojaribu kumrudisha mama yao aliyekufa. Mbele ya safari zinaachana kabisa, kwa kuwa ile ya kwanza ilitengenezwa wakati vitabu vya michoro vya Hiromu Arakawa, vilikotoka hadithi hiyo, havijafika mwisho. Anayetazama nusu ya hii na nusu ya ile ataandika kwamba hadithi haina mantiki. Kosa litakuwa la flashi yake. Hesabu faili kabla ya kutazama. Juu ya tahakiki yako andika jina, mwaka, studio, sehemu ngapi umetazama, na kama ulisikiliza sauti za Kijapani zenye maandishi chini au sauti za Kiingereza. Ukiwa umetazama sehemu tatu tu, andika tatu, wala usihukumu mwisho usioujua.

Tazama mara mbili. Mara ya kwanza kalamu iwe chini. Mara ya pili chora daftari lako safu tatu: dakika, kilichoonekana au kusikika, na nilichofikiri. Safu ya pili na ya tatu zisiingiliane. "Dakika ya 14, kamera inapanda taratibu kutoka miguuni mwa msichana wa shule wakati yeye anaongea habari za mtihani" ni safu ya pili. "Uchafu" ni safu ya tatu. Msomaji akipewa safu ya tatu peke yake hana la kupima. Amepewa hasira yako tu. Akipewa ya pili anaona mwenyewe, na hukumu yako inapokuja inasimama.

Kamera nimeitaja kwa makusudi. Katika michoro hakuna kinachoingia kwa bahati, kila picha ni mtu ameichora. Dhambi kuonyeshwa ndani ya hadithi si tatizo lenyewe. Fungua Waamuzi 19 uone Biblia ilivyo wazi kuhusu ukatili. Swali ni wapi wachoraji wamekuketisha. Je, umekaa na anayeumia, au na anayefurahia? Filamu hukimbia picha 24 kwa sekunde, lakini anime ya televisheni mara nyingi hushikilia mchoro mmoja kwa picha mbili au tatu, yaani michoro 12 au 8 kwa sekunde. Studio inapomimina michoro mingi kwenye pambano au kwenye mwili wa mtu, imekuambia inachokithamini. Ila usilipindue: sura iliyosimama kimya sekunde nne huenda ni tafakari, huenda pia ni bajeti imeisha. Usijenge teolojia juu ya bajeti.

Sasa tukae kidogo kwenye maneno, maana hapo ndipo tunapoanguka zaidi. Anime hutufikia kupitia Kiingereza, na Kiingereza kinapokosa neno huchukua la Biblia. Kimetsu no Yaiba, mnayoiita Demon Slayer, imejaa viumbe vinavyoitwa oni. Mfasiri akaweka neno la Kiingereza linalotumika kwa pepo wachafu, mwandishi wetu akaandika "mashetani", msomaji akafungua Marko 5, na hukumu ikatoka kabla sehemu ya kwanza haijaisha. Lakini huyo oni ni nani ndani ya hadithi? Alikuwa binadamu. Amegeuzwa kwa damu ya Muzan, oni wa kwanza. Anakula watu, anaogopa jua, anakufa kwa kukatwa shingo kwa upanga maalumu. Kiswahili kinamjua huyu tangu bibi zetu wakisimulia jioni: ni zimwi. Andika "zimwi" na msomaji atakuelewa papo hapo. Neno hilo linakufungulia pia hoja ambayo "shetani" lingeifunga. Tanjiro, shujaa wa hadithi, anamkata zimwi shingo, kisha anamshika mkono anapotoweka, kwa kuwa hasahau kwamba alikuwa mtu. Huruma kwa aliyeharibika inakaaje pamoja na hukumu? Hilo ni swali la Mkristo kweli, nalo lina thamani kuliko kuhesabu mara ngapi damu imemwagika.

Neno kami ni gumu zaidi. Spirited Away, filamu ya Hayao Miyazaki ya 2001, inatokea kwenye nyumba ya kuogea ya kami. Ukiandika "miungu", msomaji anafikiri sanamu za Baali. Ukiandika "masamva", msomaji wa Kisukuma anafikiri mababu wa ukoo na matambiko yao. Kami wa Kijapani aweza kuwa wa mto, wa mlima, wa mti, hata wa mtu aliyekufa, na hakuna neno letu linalombeba mzimamzima. Liache "kami", lieleze kwa sentensi moja mara ya kwanza, uendelee. Kisha sema wazi kwamba imani hiyo si yetu: sisi twamwabudu Aliyeuumba mto, mto wenyewe hatuuabudu. Ukishasema hivyo, usiondoke. Katika filamu hiyo mgeni mwenye kunuka vibaya anaingia kuoga, msichana Chihiro anavuta baiskeli iliyomkwama mwilini, takataka zinamwagika nyuma yake, na anayebaki ni kami wa mto aliyekuwa amezibwa na uchafu wa watu. Sisi tunaokaa karibu na Mto Mirongo, unaobeba taka za mji mpaka ziwani, tutaruka tukio hilo? Mwanzo 2:15 inasema mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Mhakiki wa Mwanza ana jambo la kusema hapo ambalo mhakiki wa kwingine hana.

Halafu kuna alama. Neon Genesis Evangelion, sehemu 26 za mwaka 1995 na 1996, ina misalaba kila mahali, Mkuki wa Longinus (askari anayesimuliwa kumchoma Yesu ubavuni), na maadui wanaoitwa malaika. Kwa Kijapani maadui hao ni shito, neno linalotumika kwa mitume. Kazuya Tsurumaki, aliyekuwa msaidizi wa mwongozaji, alikwisha kusema kwamba alama za Kikristo ziliwekwa ili kazi yao itofautiane na hadithi nyingine za maroboti makubwa, bila maana ya Kikristo. Kwa hiyo atakayeandika kwamba inafundisha siri za Biblia amekosea, na atakayeandika kwamba inapiga vita Kanisa amekosea pia. Kwao msalaba ni pambo la ugenini. Nendeni Bujora, pale Kisesa, mlinganishe: Padre David Clement, mmisionari, alichukua umbo la nyumba ya msonge na alama za utemi wa Kisukuma akaziingiza kanisani zikiwa na maana. Kuazima kuna namna mbili. Tahakiki nzuri inataja ni namna ipi.

Wengine huharakisha kumtafuta Kristo. Kila anayewafia wenzake wanamwita mfano wa Yesu. Pimeni kwa Warumi 5:8: Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi. Shujaa anayewafia rafiki zake anapendeza, lakini hajafika hapo. Afadhali mgeukie kazi inayouliza yenyewe. Vinland Saga, kutoka vitabu vya Makoto Yukimura, iko zama za Wadenmaki nchini Uingereza, na ndani yake padre Willibald anamwambia mwana wa mfalme, Canute, kwamba kumpenda mtu wako wa karibu ni upendeleo tu. Mathayo 5:46 iko jirani kabisa na neno hilo: "Maana mkiwapenda wanaowapenda ninyi, mwapata thawabu gani?" Mpaka hapo padre yuko nasi. Kisha anasema maiti ndiyo yenye upendo, kwa kuwa haichukii, haiibi, na inatoa mwili wake kwa wanyama na wadudu. Hapa mhakiki asimame amjibu: upendo wa Injili una Aliyefufuka ndani yake, haukomei kwenye mwili usioweza tena kudhuru. Aya moja ya mabishano ya namna hiyo inazidi aya kumi za maandiko yaliyobandikwa. Andiko lililo chini ya tahakiki kama muhuri wa ofisi halijafanya kazi. Libaki pale tu linapojibishana na tukio.

Death Note, sehemu 37, nayo iandikeni kutoka hapa tulipo. Kijana Light anapata daftari, anawaua wahalifu kwa kuandika majina yao, na tangu mwanzo anataka kuwa mungu wa dunia mpya. Usukuma ndiko sungusungu walikoanzia miaka ya 1980, na kelele za "mwizi!" mnazijua. Nani ana haki ya kuhukumu, na hukumu inambadilishaje anayeishika? Warumi 12:19, inayomwachia Mungu kisasi, itaingia yenyewe.

Tahadhari kwa wazazi ziwe sahihi kama maelezo ya dawa. "Ina ukatili" haisaidii mtu. Andika hivi: "Brotherhood, sehemu ya 4: mtoto mdogo anatendewa na mzazi wake jambo la kutisha lisiloweza kurekebishwa, aliye chini ya miaka 13 asitazame peke yake." Umeonya, hujatoboa siri ya hadithi. Umri huo ni wangu, nanyi pimeni wenu, ila wekeni namba. Na aliyeacha uganga juzi aandikiwe sentensi yake. Paulo katika 1 Wakorintho 8 anajua kwamba sanamu si kitu, lakini anamfikiria ndugu ambaye dhamiri yake bado ni dhaifu. Kazi yenye matambiko mengi inaweza kuwa salama kwako na ikawa jiwe la kujikwaa kwake. Sema hivyo kwa upole, bila kumwita mshamba.

Urefu: maneno 700 hadi 900 yanatosha. Muhtasari wa hadithi usizidi maneno 150, na usipite theluthi ya kwanza ya mfululizo. Ufundi, yaani michoro, muziki na sauti, upate angalau aya moja nzima, kwa sababu mchoraji hatendewi haki akihukumiwa kwa mahubiri pekee. Nyota za kupima ubora mnaweza kuziacha. Rasimu ikiisha, ilale usiku mmoja, kisha kila sentensi ya hukumu iulizwe: dakika ipi? Isiyo na dakika ifutwe. Ikishatoka na ukagundua umekosea, sahihisho likae juu kabisa pamoja na tarehe, mahali ambapo aliyedanganyika ataliona.

Fungueni madaftari mchore safu zenu tatu. Tunaweka sehemu ya kwanza ya Vinland Saga, tunaitazama mpaka mwisho bila kusimamisha, na wimbo wa kufungua hatuuruki. Kalamu chini kwanza.