Nani Atalipa? Mhadhara Kuhusu Njia ya Luis von Ahn

Ndugu Mwenyekiti, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mnaojiandaa kuanzisha kampuni zenu za programu: niliombwa nizungumzie safari ya mjasiriamali mmoja wa teknolojia kutoka miongoni mwa Walatino, na kwa kuwa hiari ya kumchagua niliachiwa mimi, nimemchagua Luis von Ahn wa Guatemala, mtu aliyeshiriki kubuni kapcha, yaani mtihani wa kwenye tovuti unaotenganisha binadamu na mashine, akaja na reCAPTCHA iliyotokana nayo, kisha akaanzisha Duolingo, programu ya kujifunzia lugha, pamoja na Mswisi Severin Hacker. Sikuvutwa na utajiri wake. Nilivutwa na jambo moja, kwamba kazi zake hizo tatu, ukizitazama kwa mfululizo, ni majaribio ya kujibu swali ambalo wengi wetu huliahirisha mpaka fedha za mwekezaji zimalizike: huduma hii, ni nani atakayeilipia?

Von Ahn alizaliwa mwaka 1978 katika Jiji la Guatemala na kulelewa na mama yake peke yake, daktari, aliyempata akiwa na umri uliopita miaka 40. Jamaa zake walikuwa na kiwanda cha peremende. Alipofika miaka minane alitamani mashine ya kuchezea michezo ya video, lakini mama akamnunulia kompyuta aina ya Commodore 64, na mtoto akalazimika kujifunza namna ya kuitumia. Mama huyo hakuwa tajiri, ila alitumia karibu kila alichokuwa nacho kumsomesha katika shule nzuri ya binafsi iliyofundisha kwa Kiingereza. Kwa hiyo msije mkamweka katika kundi la watoto wa mafukara waliotoka patupu. Yeye mwenyewe hajiweki humo. Analolisema mara kwa mara ni kwamba watu huiona elimu kuwa kitu kinachosawazisha matabaka, ilhali yeye, kwa kukulia katika nchi maskini, aliona kinyume chake: wenye fedha hujinunulia elimu bora na kwa hiyo huendelea kuwa na fedha, na wasio nazo hawapati hata kujua kusoma na kuandika sawasawa, basi hubaki vilevile walivyo.

Alipotaka kwenda kusoma Marekani alitakiwa kufanya mtihani wa kupima Kiingereza. Nafasi za mtihani katika Guatemala zilikuwa zimejaa, ikambidi apande ndege kwenda El Salvador, na safari hiyo ikamgharimu zaidi ya dola 1,000. Mama aliweza kuzipata. Ni vijana wangapi wenye uwezo kama wake waliokomea hapo, hakuna daftari lililowaandika. Naomba mlishike tukio hili, kwa sababu ndilo linaloeleza mambo aliyoyafanya miaka ishirini baadaye kuliko shahada zake zote.

Shahada zenyewe nitazipitia upesi. Alisoma hisabati Chuo Kikuu cha Duke, akahitimu mwaka 2000, akaenda Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, na kupata udaktari wa sayansi ya kompyuta mwaka 2005 chini ya Manuel Blum, mzaliwa wa Caracas, Venezuela, na mshindi wa Tuzo ya Turing, tuzo kuu ya sayansi ya kompyuta, ya mwaka 1995. Wakati huo kampuni ya Yahoo ilikuwa ikisumbuliwa na programu zilizojifungulia akaunti za barua pepe kwa maelfu ili kutuma barua taka. Blum, von Ahn na wenzao wakapendekeza mtihani mwepesi kwa binadamu na mgumu kwa mashine: herufi zilizopindwapindwa, ambazo jicho letu huzitambua papo hapo, na ambazo kompyuta za siku zile hazikuweza kuzisoma. Yahoo walipewa bure, na katika muda mfupi tovuti nyingi duniani zikaiga.

Baadaye von Ahn akapiga hesabu. Watu walikuwa wakiandika kapcha takribani milioni 200 kila siku, na kila moja ilichukua kama sekunde kumi. Ukizijumlisha, binadamu walikuwa wanapoteza saa zipatazo 500,000 kila siku kwa kazi isiyozaa kitu. Mtu mwingine angefurahia umaarufu wa uvumbuzi wake na kuliacha jambo hilo lipite, lakini yeye aliuliza kama sekunde hizo zingeweza kufanya kazi nyingine zikiwa zinapita. Jibu lake likawa reCAPTCHA. Maktaba na magazeti yalikuwa yakipiga picha kurasa za zamani ili maandishi yake yaingizwe katika kompyuta, ila wino uliofifia na karatasi zilizogeuka manjano ziliishinda mashine. Basi mtumiaji akaonyeshwa maneno mawili badala ya moja: la kwanza mashine ililijua, na ndilo lililomthibitisha kuwa ni mtu, la pili mashine haikulijua, na jibu lake lililinganishwa na majibu ya watu wengine mpaka yakubaliane. Kwa njia hiyo kumbukumbu za gazeti la The New York Times, zinazoanzia mwaka 1851, zilisomwa neno kwa neno na umati wa watu ambao wengi wao hawakujua kuwa wanafanya kazi. Google ikainunua kampuni ya reCAPTCHA mwaka 2009.

Hapa mjasiriamali mwenye dhamiri hana budi kusimama kidogo. Aliyelipa alikuwa mwenye gazeti, aliyefanya kazi alikuwa mimi na wewe, na fedha zilikwenda kwa mtu wa tatu. Kwa maoni yangu mpango ule ulikuwa wa haki kwa sababu sekunde zile zingepotea vyovyote vile, na kwa sababu tulilindwa dhidi ya barua taka. Lakini haki hiyo ni nyembamba, na mtu anayetaka kuiga mfano huo kwa kukusanya kazi au taarifa za watumiaji wake anapaswa kuwaeleza waziwazi wanachokitoa.

Duolingo ilianza mwaka 2011 na kufunguliwa kwa watu wote Juni 2012. Kiingereza kwa wanaozungumza Kihispania kilikuwa miongoni mwa kozi zake za mwanzo, maana katika nchi kama Guatemala Kiingereza huongeza kipato. Jibu la kwanza la swali letu lilifanana na lile la reCAPTCHA: mwanafunzi asome bure, ajizoeze kwa kutafsiri habari za kweli, na vyombo vya habari vya CNN na BuzzFeed vilipie tafsiri hizo. Ni wazo la akili sana, nao wakaliacha. Waliona kwamba wangegeuka kampuni ya tafsiri inayoshindana kwa bei na kampuni nyingine za tafsiri, huku mwanafunzi akisukumwa pembeni. Kwa miaka kadhaa wakaishi kwa fedha za wawekezaji, kisha mwaka 2017 wakaanza kuweka matangazo, na ada ya mwezi kwa asiyetaka kuyaona. Kampuni iliingia soko la hisa Julai 2021 kwa dola 102 kwa hisa.

Wanaolipa ada hiyo hawafiki mmoja kati ya kumi. Von Ahn hueleza kwamba walipaji wengi wako katika nchi tajiri, kama Marekani na Kanada, na wasiolipa wengi wako katika nchi kama Brazili, Vietnamu na Guatemala kwenyewe, kwa hiyo mwenye nacho anamlipia asiye nacho bila kuombwa mchango. Juu ya hayo wakatunga mtihani wao wa Kiingereza, unaofanyiwa nyumbani mbele ya kamera ya kompyuta, ambao kwa miaka kadhaa uliuzwa dola 49 kabla ya ada kupanda, na vyuo vikuu vingi vinaukubali. Ile safari ya El Salvador haikwenda bure.

Katika ushauri anaoutoa hadharani, ninaouona mzito zaidi unahusu ari ya mwanafunzi. Anasema kigumu katika kujifunza peke yako ni kurudi kesho, na kwamba somo lililo ndani ya simu linashindana na Instagram na TikTok zilizomo katika simu hiyohiyo. Hivyo walikopa mbinu za mitandao hiyo kwa makusudi, zikiwemo hesabu ya siku mfululizo ulizosoma na kikumbusho kinachofika saa 24 baada ya somo lako la mwisho, wakipima kila badiliko kwa kuwapa baadhi ya watumiaji sura moja na wengine sura nyingine. Wapo wanaolalamika kwamba programu humlipa mtu kwa kurudi hata asipojua kuzungumza, na lalamiko hilo lina ukweli ndani yake.

Kiswahili kiliingia mwaka 2017, kwa jitihada za watu waliowahi kujitolea katika Peace Corps, shirika la serikali ya Marekani linalopeleka watu wa kujitolea nchi za nje. Kozi nyingi wakati ule zilitungwa na watu wa kujitolea. Mwaka 2021 mpango huo ulifungwa na waliochangia wakagawiwa fedha, jambo la heshima, ijapokuwa lilikuja baada ya kozi kuwa mali ya kampuni. Aprili 2025 von Ahn aliandika kwamba kampuni itaacha polepole kutumia wafanyakazi wa mkataba kwa kazi zinazowezekana kwa akili mnemba. Watumiaji wakaja juu, naye baadaye akafafanua kuwa haoni akili mnemba ikichukua nafasi za waajiriwa wake. Ufafanuzi huo uliwahusu waajiriwa. Watunzi wa mkataba, ambao ndio waliotajwa mwanzo, haukuwapa faraja kubwa.

Sasa nigeukie miradi yenu. Mpango wa von Ahn unafanya kazi kwa sababu tajiri wa Toronto na maskini wa Guatemala wanahitaji bidhaa moja. Programu ya kufundisha hisabati ya darasa la saba kwa Kiswahili haina mteja Toronto, na kumtoza mzazi wa kijijini ni kurudia yale yaliyomkasirisha von Ahn tangu ujana wake. Lakini kozi ya Kiswahili chenyewe, hadithi zake na sarufi yake, inao wateja: wazazi wetu walioko Muscat, London na Minneapolis, ambao watoto wao wanakua wakiijua lugha ya bibi nusunusu. Hao wana kadi za benki na wanatafuta kitu cha kununua, na katika maandiko ya miradi ninayoletewa kusahihisha bado hawajatajwa kama wateja.