Wilaya Zilizo Somo: Majina Yanayojirudia kwenye Ramani ya Urusi

Shikamooni wazee wangu mlioko mbele. Na ninyi vijana, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie majina ya wilaya za Urusi, na nimekubali kwa furaha kwa sababu jambo hili limekaa moyoni mwangu tangu nikiwa mwanafunzi huko. Kwetu watu wawili wenye jina moja huitana somo. Leo nitawasimulia habari za wilaya zilizo somo.

Nilisoma Rostov, mji ulio kando ya mto Don, kusini mwa Urusi. Mwaka wangu wa kwanza, mwalimu wangu wa Kirusi alinialika nikale kwa wazazi wake siku ya Jumapili. Akaniandikia anwani kwenye kikaratasi: wilaya ya Oktyabrsky, jina la mtaa, namba ya nyumba. Nikazunguka Oktyabrsky kutwa nzima, kwenye baridi ambayo sikuwa nimewahi kuiona. Jioni mzee mmoja alikisoma kikaratasi changu akaniambia, "Mwanangu, hapa ni Oktyabrsky ya mjini. Wewe unatafuta Oktyabrsky ya mkoani." Na kweli ziko mbili. Moja ni sehemu ya mji wa Rostov, nyingine ni wilaya ya mashambani katika mkoa uleule wa Rostov, na makao yake makuu ni Kamenolomni, jina lenye maana ya machimbo ya mawe.

Tuanze na mji wenyewe. Rostov una wilaya nane: Voroshilovsky, Zheleznodorozhny, Kirovsky, Leninsky, Oktyabrsky, Pervomaysky, Proletarsky na Sovetsky. Ukinipa orodha hiyo bila kunitajia mji, siwezi kujua tuko wapi. Nenda Novosibirsk, zaidi ya kilomita 2,500 kutoka hapo, utakutana tena na Zheleznodorozhny, Kirovsky, Leninsky, Oktyabrsky, Pervomaysky na Sovetsky. Zheleznodorozhny ni ya reli. Pervomaysky ni ya Mei Mosi. Sovetsky inatokana na neno lenye maana ya baraza. Proletarsky ni ya makabwela, na wazee wangu hapa wanalikumbuka vizuri neno hilo. Oktyabrsky ni ya Mapinduzi ya Oktoba 1917, ambayo sherehe zake zilikuwa zikifanyika tarehe 7 Novemba, kwa kuwa Urusi ya wakati ule ilifuata kalenda ya zamani, na kwa kalenda hiyo siku yenyewe ilikuwa 25 Oktoba.

Hapo niseme kidogo kuhusu lugha, maana wapenzi wa Kiswahili mtalifurahia. Majina haya ni vivumishi, na vivumishi vya Kirusi hufuata upatanisho kama vyetu. Wilaya huitwa rayoni, neno lililotoka Ufaransa, na kwa Kirusi liko katika jinsia ya kiume, basi tunasema Sovetsky. Kijiji cha Wakosaki, wale askari wapanda farasi wa zamani wa Urusi, huitwa stanitsa, nacho kiko katika jinsia ya kike: Sovetskaya. Kijiji cha kawaida, selo, hakiko huku wala kule: Sovetskoye. Mgeni huona majina matatu, kumbe ni jina moja lililobadilisha kiambishi, kama sisi tunavyosema mkubwa, kikubwa, kubwa.

Rayoni zenyewe si za zamani. Wakati wa wafalme kulikuwa na guberniya, yaani majimbo, na chini yake uyezd, vitengo vidogo vya jimbo. Mfumo huo ulivunjwa katika miaka ya 1920, ukaletwa mwingine wa mikoa na rayoni. Fikirini kazi hiyo: mamia kwa mamia ya vitengo vipya, vyote vinahitaji jina, na wenye kutoa majina wana msamiati mmoja wa kisiasa. Baadaye kila kiongozi aliyekufa akawa chimbuko la jina. Sergei Kirov, kiongozi wa chama cha Kikomunisti, aliuawa Leningrad, yaani Petersburg ya leo, tarehe 1 Desemba 1934. Mwezi huohuo mji wa Vyatka, makao ya eneo alikozaliwa, ukaitwa Kirov. Na Kirov mwenyewe hakuzaliwa na jina hilo, ukoo wake ulikuwa Kostrikov. Hata waliokuwa hai walipewa miji. Mji wa Perm uliitwa Molotov, jina la kiongozi wa Kisovieti, tangu 1940 hadi 1957, mwaka ambao serikali ilikataza kuita mahali kwa jina la mtu aliye hai.

Wengi huishia hapo. Wanasema haya ni majina ya chama cha Kikomunisti, yamebandikwa tu, hayana la kutufundisha. Mimi sikubaliani nao hata kidogo, na hilo ndilo lililonileta hapa leo. Kila somo ana wazazi wake. Ukitaka kuijua wilaya, uliza pale mahali paliitwaje kabla, na nani alikuwa akiishi hapo.

Chukueni Krasnoarmeysky, ya Jeshi Jekundu, yaani jeshi la Wakomunisti. Ndani ya mji wa Volgograd iko moja. Humo mna Sarepta, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1765 na Wajerumani Wakristo wa madhehebu ya Kimoravia, ambayo mwaka 1920 yaligeuzwa jina yakawa Krasnoarmeysk. Mkoa wa jirani, Saratov, kuna mji mwingine wa Krasnoarmeysk na wilaya yake. Huo uliitwa Balzer, na wenyeji wake walikuwa Wajerumani wa Volga, yaani wale waliohamia kandokando ya mto Volga. Agosti 1941 ilitoka amri ya kuwahamisha Wajerumani wote wa Volga na kuwapeleka Siberia na Kazakhstan. Mwaka uliofuata jina la Balzer likafutwa. Huko Chechnya, wenyeji walihamishwa kwa nguvu Februari 1944, na kijiji cha Urus-Martan kikapewa jina la Krasnoarmeyskoye. Walipoanza kurudi mwaka 1957, jina lao likarudi pamoja nao. Wajerumani wa Balzer hawakurudishiwa lao. Kwenye ramani ni jina moja la kijeshi. Chini yake kuna watu waliopakiwa kwenye mabehewa.

Kuna pia somo wa uongo, na hapa nawaonya wanafunzi. Petersburg ina wilaya ya Krasnogvardeysky na wilaya ya Krasnoselsky. Zote zinaanza na krasny, nyekundu. Ya kwanza ni ya Walinzi Wekundu, wapiganaji wa mapinduzi ya 1917. Ya pili imetoka kwenye Krasnoye Selo, kijiji cha zamani kilichokuwa na jina hilo kabla chama hakijazaliwa, na katika Kirusi cha kale krasny ilimaanisha pia kizuri.

Sasa turudi Rostov. Nimewawekea hili mwisho kwa sababu ndiko nilikoishi. Proletarsky nazo ziko mbili katika mkoa mmoja. Ile ya mashambani ina makao yake katika mji wa Proletarsk. Zamani palikuwa stanitsa ya Wakosaki, ikiitwa Velikoknyazheskaya, yaani ya mwanamfalme mkuu. Wakomunisti waliliondoa jina la mwanamfalme wakaweka la makabwela, na bila shaka waliona ni haki.

Proletarsky ya mjini ina ukoo mwingine kabisa. Mwaka 1779 Waarmenia walioletwa kutoka Crimea walijenga mji wao kando ya Don, wakauita Nakhichevan, Nakhichevan Mpya, kwa kumbukumbu ya ile ya Caucasus. Walikuwa na makanisa yao, soko lao, na mitaa iliyonyooka iliyoitwa mistari: mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ulikuwa mji kamili, jirani tu na Rostov. Mwaka 1928 ukaunganishwa na Rostov, na ukawa wilaya ya makabwela.

Nilipanga chumba kwa mama mmoja Mwarmenia, kwenye mmoja wa mistari hiyo, ambayo bado inaitwa mistari. Miaka yote niliyokaa kwake sikumsikia akisema Proletarsky. Akiagana na wenzake katikati ya mji alikuwa akisema, "Narudi Nakhichevan." Madereva nao walisema hivyohivyo, na soko la karibu kila mtu aliliita soko la Nakhichevan. Mara moja tu nililiona jina la wilaya mkononi mwake, siku tulipokwenda pamoja posta kutuma barua yangu kwa mama. Alinijazia sehemu ya mtumaji kwa mwandiko mzuri wa shule: Rostov, Proletarsky. Akaibandika bahasha, akanirudishia kalamu yangu, akasema, "Haya mwanangu, twende nyumbani Nakhichevan."

Ahsanteni sana. Karibuni kwa maswali.