Pengo la kocha: jinsi vyuo vya Marekani vinavyochagua wachezaji wa lakrosi

Habari za jioni, wazazi wetu. Na nyinyi vijana mlioburutwa kuja, karibuni pia.

Mzazi aliyekulia Kisumu, Tanga au Bukavu anahamia Maryland, mtoto anaingia sekondari, na siku moja anarudi nyumbani na fimbo yenye wavu kichwani. Mchezo wenyewe, lakrosi, ni wa kale, ni urithi wa Wahaudenosaunee na mataifa mengine ya wenyeji wa Amerika Kaskazini. Wavulana hucheza 10 kwa 10, wasichana 12 kwa 12. Sheria za uwanjani mtoto atafundishwa shuleni. Jioni hii tuangalie njia ya kutoka sekondari hadi timu ya chuo, kwa sababu humo ndimo watoto wanaocheza vizuri kabisa wanapopotelea.

Kocha wa chuo ana mapengo ya kuziba, na kila pengo lina umbo lake. Timu kubwa ya wavulana huingiza wachezaji wapya kama 10 au 12 kwa mwaka. Kati yao kipa huwa mmoja, pengine hakuna kabisa. Anayegombea mpira wa kuanzia katikati ya uwanja, naye mmoja. Fimbo ndefu, zile za inchi 52 hadi 72, haziruhusiwi kuzidi nne uwanjani ukimwacha kipa, kwa hiyo mabeki nao wana foleni yao. Mshambuliaji anayetumia mkono wa kushoto hutafutwa sana, maana upande mmoja wa goli unamfaa yeye kuliko wa mkono wa kulia.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni hesabu ya mezani. Fungua tovuti ya timu, tafuta orodha ya kikosi, uhesabu wachezaji wa nafasi ya mwanao kwa kila mwaka wa masomo. Chuo chenye makipa wawili wa mwaka wa kwanza hakina haja na kipa wako, hata akiokoa mashuti kama nyani anavyodaka maembe. Hesabu hiyo haina gharama, na bado ni wachache wanaoifanya. Wengi huanza na jina kubwa, Johns Hopkins au Virginia, halafu wanashangaa hawajibiwi.

Kalenda sasa. Zamani makocha walikuwa wakichukua ahadi za watoto wa darasa la 8 na la 9. Mwaka 2017 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, kikapiga marufuku: kocha wa Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu kati ya tatu, hawezi kuzungumza na mchezaji habari za kumchukua kabla ya Septemba 1 ya darasa la 11, mwaka wa tatu kati ya minne ya sekondari ya hapa. Kabla ya siku hiyo mtoto anaweza kuandika barua pepe, na kocha ataisoma, ila hana ruhusa ya kumjibu. Wala hawezi kupitisha ujumbe kwa kocha wa sekondari au wa klabu ya nje ya shule. Atakachotuma ni dodoso la kujaza au tangazo la kambi. Basi msikasirike kwa kimya cha darasa la 10, ni sheria. Na mwaliko wa kambi wenye jina la mtoto juu yake msiufanyie sherehe. Kambi ni biashara, na barua hizo hutumwa kwa wingi. Nenda kambi ya chuo ambacho hesabu yako imeonyesha kina pengo. Nyingine zinakula pesa tu.

Mnaniuliza mbona klabu, na ada zake zile, ilhali mtoto anacheza shuleni? Sababu ni majira. Sekondari hucheza masika, Machi hadi Mei, na vyuo navyo vimo katikati ya msimu wao. Kocha hana siku ya kuja kumwangalia mwanao. Anapata nafasi Juni na Julai, kwenye mashindano ya klabu, ambako anasimama pembeni ya viwanja vingi na karatasi mkononi. Jina la mtoto lazima liwe kwenye karatasi hiyo kabla hajafika. Wiki moja kabla, mtoto mwenyewe, si baba, aandike mistari mitano: mwaka wa kuhitimu, nafasi, klabu, namba ya jezi, saa na namba ya uwanja kwa kila mechi, na kiungo cha video. Jezi ikibadilishwa asubuhi ya mechi, andika tena papo hapo. Kocha akimtafuta namba 14 na mtoto amevaa 22, safari nzima imekwenda na maji.

Video iwe ya dakika tatu hadi nne. Matukio bora kabisa yawe mwanzoni, kwa sababu wengi hawamalizi. Weka duara au mshale juu ya mchezaji kabla tukio halijaanza, picha isimame sekunde moja, kisha iendelee. Piga ukiwa juu, jukwaani au kwenye ngazi. Ukipiga kutoka usawa wa nyasi, wachezaji wanafunikana. Kosa la kawaida ni magoli matupu, goli juu ya goli, yote kwa mkono mmoja. Kocha anataka kuona mikono yote miwili, mpira wa chini unaookotwa katikati ya watu, na mchezaji anafanya nini asipokuwa na mpira. Beki aonyeshe kazi ya miguu kuliko vipigo vya fimbo. Kipa aonyeshe pia pasi anayotoa baada ya kuokoa, maana shambulio linaanzia kwake. Halafu weka tayari mechi moja nzima isiyokatwa, kwa sababu anayevutiwa ataiomba.

Sasa karatasi za masomo, na hapa naomba tukae kidogo.

Kwa Divisheni ya Kwanza mtoto anahitaji kozi 16 za msingi: miaka minne ya Kiingereza, mitatu ya hisabati kuanzia aljebra ya kwanza, miwili ya sayansi, mmoja wa ziada katika hayo matatu, miwili ya sayansi ya jamii, na minne mingine inayokubalika. Wastani wa alama za kozi hizo usipungue 2.3 kwa kipimo cha 4.0. Kozi 10 ziwe zimekamilika kabla darasa la 12 halijaanza, saba kati yake zikiwa za Kiingereza, hisabati na sayansi, na alama za kumi hizo hazirekebishwi tena kwa kurudia. Anayeamka darasa la 12 amechelewa.

Kwa watoto waliohamia kuna mtego. Saa ya NCAA, yaani muda wa kumaliza kozi hizo 16, inaanza kuhesabu pale mtoto alipoingia darasa la 9 mara ya kwanza, hata kama darasa hilo lilikuwa Nakuru au Goma. Shule ya hapa ikimrudisha darasa nyuma ili azoee Kiingereza, saa hairudi nayo. Kituo cha NCAA kinachokagua karatasi hizi kinataka rekodi za tangu darasa la 9 kwa lugha zilivyoandikwa, na tafsiri rasmi kama ni za Kifaransa. Kuzipata kutoka shule ya mbali huchukua miezi; anza mapema. Tena kozi za Kiingereza kwa wageni na za kuimarisha wanaoachwa nyuma si zote zinahesabiwa. Kila sekondari ina orodha yake iliyoidhinishwa. Mwombe mshauri wa shule mkae nayo kozi kwa kozi.

Pesa. Kwa miaka mingi timu nzima ya wavulana ilikuwa na ufadhili kamili 12.6, ya wasichana 12, unaogawanywa kwa wachezaji. Gawanya kwa wachezaji 48 uone: kila mtu kama robo. Tangu msimu wa 2025-26, vyuo vilivyojiunga na mpango mpya wa NCAA vinaweza kumfadhili kila aliye kikosini, ila kikosi chenyewe kina kikomo, 48 wavulana na 38 wasichana. Kuruhusiwa ni kitu kimoja, kuwa na bajeti ni kingine. Divisheni ya Tatu haitoi ufadhili wa michezo hata senti, na vyuo vya Ivy League (Harvard, Yale, Princeton na wenzao) vivyo hivyo. Lakini huko kuna msaada unaofuata kipato cha familia, na mara nyingi unazidi ile robo. Kila chuo kina kikokotoo cha gharama kwenye tovuti yake. Weka takwimu zenu kabla ya kupanda gari kwenda kutembelea.

Ahadi ya mdomo haimfungi yeyote, si kocha si mtoto. Hati ya ufadhili iliyosainiwa darasa la 12 ndiyo inayohesabika. Kabla ya hapo endeleeni kujibu barua za makocha wengine, kwa adabu na kwa ukweli.

Na usiku wa kuamkia Septemba 1, simu isipolia? Saa sita wengine watapokea ujumbe, na watapiga picha za skrini. Asubuhi yake mwanao aanze kupiga mwenyewe kwa vyuo vya hesabu yenu. Divisheni ya Pili huwa imeshafunguliwa tangu Juni 15. Divisheni ya Tatu, yenye timu za wavulana zaidi ya 200, haina kizuizi cha tarehe kwenye simu na barua, na kocha wake anaweza kupeleka alama za mtoto ofisi ya udahili zikasomwe mapema, kiangazi kabla ya darasa la 12. Ofisi ikisema anaweza kuingia, kocha huuliza kama yuko tayari kuomba kwa uamuzi wa mapema, ambao kwa kawaida hufungwa Novemba 1 na unamfunga mwombaji. Hapo ndipo mnapokaa mezani na karatasi ya gharama kabla ya kumpa jibu.